Ocke Nickelsen Aomba Meli

Ocke Nickelsen alizaliwa nyumbani kwa mchungaji wa kanisa huko Husum, mji ambao bahari huuacha na kuurudia kila siku bila mtu yeyote kushangaa. Alikuwa mtoto wa nne. Wa kwanza alirithi vitabu vya baba, wa pili na wa tatu wakagawana mashaka ya baba juu ya Mungu, na Ocke, kwa kuwa hapakuwa na kilichobaki, akapelekwa kwenye jeshi la majini la Kaisari wa Ujerumani.

Huko alifundishwa yote yampasayo afisa: kukwea milingoti ya matanga katika zama za mvuke, kucheza waltz bila kumkanyaga binti wa mkubwa wake, na kunywa mvinyo bila kusema la maana. Zaidi ya yote alifundishwa kutoomba. Afisa haombi cheo, haombi kituo, haombi meli. Afisa hutimiza wajibu wake, hunyamaza, na wakubwa humwona. Ocke aliliamini hilo kuliko alivyowahi kuamini mahubiri ya baba yake, na katika miaka yote ya utumishi hakuwahi kuomba hata chumvi mezani. Alisubiri mtu aione sahani yake.

Wakubwa walimwona, tatizo halikuwa hilo. Walimwona siku moja akiwa luteni, meli ilipokuwa ikipakia makaa ya mawe. Kwenye manowari hakuna kazi chafu kuliko hiyo. Matishali, mashua bapa za kubebea mizigo, hujipanga ubavuni, mabaharia wote hushuka na makoleo, magunia hupandishwa juu, na bendi husimama sitahani ikipiga muziki ili watu wasisikie wanavyotukana. Meli za kikosi hushindana, na inayomaliza mwisho huchekwa mpaka baharini. Siku hiyo afisa wa kwanza, msaidizi wa kapteni, aliteguka mguu, Ocke akashika nafasi yake, na meli ikamaliza wakati nyingine bado zinatafuta makoleo. Alikuwa na kipaji. Akilitazama tishali tu, alijua nani asimame wapi na gunia lipite njia gani. Wengine huzaliwa na sauti ya kuimba.

Tangu siku hiyo kila kapteni aliyempata alimng'ang'ania. Cheo chake kilipanda, kazi yake haikupanda. Wenziwe wa mwaka mmoja wakawa makapteni wa meli zao, wakaanza kutembea kama watu waliobeba sinia kichwani. Ocke akabaki afisa wa kwanza, sasa kwenye manowari *Adelheid*, chini ya Kapteni von Trebnow, mtu mrefu mwenye glavu nyeupe ambaye hakuwahi kulikaribia kaa la mawe kuliko hatua kumi. Mabaharia walimwita Ocke Baba Makaa.

Mwaka ule alikuwa na sababu ya kuhesabu miezi. Afisa wa umri wake asiyepewa meli kufikia masika huletewa bahasha ya buluu ya kumshukuru kwa utumishi wake na kumstaafisha. Kiel, bandari ya kikosi, ilijaa watu wa bahasha ya buluu. Asubuhi walitembeza vijibwa kando ya ghuba na kuamkiana kwa vyeo ambavyo hakuna mwingine aliyevikumbuka.

"Unajua kwa nini hupewi meli?" mkewe Wiebke alimwuliza Jumapili moja, akimsugua shingo kwa brashi ya kufulia.

"Sina 'von' ya makabaila kwenye jina langu."

"Mwenzio Brodersen naye hana, na ana meli, na ni mjinga. Wewe hupewi kwa sababu unapakia makaa vizuri mno. Nani mwenye akili zake atakuachia? Ungekuwa mpishi wangu, hata mimi ningekuficha wageni wakija."

"Sasa nifanyeje?"

"Vurunda."

"Nini?"

"Vurunda. Siku moja tu. Watu wagongane, magunia yapasuke, muwe wa mwisho. Trebnow atakutafutia meli mwenyewe kabla hajala chakula cha jioni."

"Wiebke, hiyo ni hujuma dhidi ya chombo cha Kaisari."

"Ni makaa, baba we! Kaisari hata hajui yanaingilia mlango gani. Geuka, sikio hili ni kama dohani."

Ocke alilifikiria jambo hilo wiki nzima. Kuomba meli kungekuwa aibu. Kuvurunda nako kulikuwa aibu, lakini hakukuwa kuomba, na kwa mantiki ya maafisa wa Kaisari tofauti hiyo ilitosha.

Siku ya kupakia ilipofika, alipanga watu kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja mahali asipofaa. Wapishi na makarani aliwashusha kwenye matishali. Majitu yenye mabega kama milango aliyapa kazi ya kufunga kamba za midomo ya magunia. Mkuu wa bendi aliambiwa apige nyimbo za mazishi.

"Za mazishi, bwana?"

"Taratibu. Kwa heshima."

Mnyapara wa mabaharia alikuwa Pingel, mtu wa Pomerania mwenye koo la honi ya ukungu. Aliutazama mpango ule, akamtazama Ocke, kisha akamwona Kapteni von Trebnow kule juu akitabasamu kwa jambo lake mwenyewe. Akaona ameelewa, na alikuwa amekosea. Akashuka kwenye tishali.

"Jamani, mnaona?" akanong'ona, kwa mnong'ono uliosikika hadi meli ya pili. "Mpango huu si wa Baba Makaa. Hawezi kupanga hivi hata akiwa amelewa. Kapteni ndiye aliyempangia, ili mzee wetu aaibike mbele ya kikosi kizima. Mnakubali?"

"Hatukubali!"

"Wewe mpishi, utalibeba gunia hilo au utalionja kwanza?"

"Nitalibeba na wewe juu yake!"

Ilikuwa balaa. Makarani walichimba makaa kama wanatafuta mtu aliyefukiwa. Yale majitu yaliacha kamba na kuanza kupandisha magunia mawili mawili. Bendi ilipiga wimbo wa mazishi, mabaharia wakauimba kwa kasi ya dansi ya polka, mpaka mpiga tarumbeta akawafuata kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

"Polepole, vijana!" Ocke alipiga kelele akikimbia huku na huku. "Hakuna haraka! Pumzikeni!"

"Mmemsikia mzee?" Pingel alinguruma. "Anatukejeli! Anasema tumelala!"

Wakaongeza mwendo. Meli ya jirani haijafika nusu, *Adelheid* ilikuwa imemaliza, na rekodi ya kikosi ilikuwa imevunjika vibaya sana. Ocke aliketi juu ya gunia tupu, mweusi tii, akayaona masika yakimjia pamoja na kijibwa chake.

Admirali mwenyewe alivuka kwa mashua kuja kupongeza. Alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu pana. Kapteni von Trebnow alimpokea kwa glavu zake, akamwelekezea Ocke kama mtu anayeonyesha farasi.

"Afisa wangu wa kwanza, Admirali. Roho yake ni makaa matupu. Ukimwondoa hapa atakufa kwa huzuni."

"Sitakufa," akasema Ocke.

Mabaharia wote wakageuka. Pingel akanong'ona, safari hii kweli kweli, jambo ambalo daktari wa meli hakulidhani kuwa linawezekana.

"Umesemaje?" akauliza Admirali.

Ocke akasimama wima. Akameza yote aliyofundishwa pamoja na vumbi la makaa.

"Naomba meli, Admirali."

"Unaomba?"

"Naomba."

"Nickelsen, kila kapteni wako ameniambia hutaki kitu kingine zaidi ya makaa. Mwaka juzi nilitaka kukupa meli ya upelelezi. Nikaambiwa utaona ni adhabu."

"Nani alisema hivyo, bwana?"

Admirali akamgeukia von Trebnow. Von Trebnow alikuwa amevutiwa ghafla na shakwe mmoja aliyetua juu ya mzinga.

"Na wewe, Nickelsen, ulikaa kimya miaka yote hii?"

"Afisa haombi, bwana."

"Lahaula! Mimi niliomba kila kitu nilicho nacho, pamoja na mke wangu." Admirali akapangusa ndevu. "Meli nzuri zimeshagawanywa. Imebaki *Kiebitz*. Inalinda wavuvi wetu huko Bahari ya Kaskazini. Inanuka chewa, na inayumba hata ikiwa imefungwa gatini."

"Naipokea."

"Sijakupa bado."

"Naipokea, bwana."

Jioni ile Wiebke alisikiliza yote mlangoni, kwa kuwa hakumruhusu kuingia kabla hajavua viatu.

"Ina mizinga?"

"Minne. Mmoja unafanya kazi."

"Kwa hiyo uliomba tu, ukapewa."

"Ndiyo."

"Na mimi nimekusugua shingo miaka kumi na minne!" Akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi, kisha akamletea dagaa wa moshi na bia pale pale nje.

*Kiebitz* ilitoka Kiel asubuhi ya upepo, na Kapteni Nickelsen akiwa kwenye daraja la kuongozea meli, safi kama sahani. Njia ilipita karibu na *Adelheid*, iliyokuwa ikipakia makaa chini ya afisa wa kwanza mpya. Ocke aliinua darubini. Tishali la pili lilikuwa limefungwa mbali mno. Watu wenye nguvu walikuwa kwenye kamba. Gunia lilipasuka sitahani, na glavu mbili nyeupe zikapunga hewani.

Mkono wake ulielekea kwenye bendera za ishara. Neno moja tu lingetosha, *sogezeni tishali*. Baharia wa usukani alimtazama, akisubiri amri.

Ocke akautia mkono mfukoni.

"Mbele," akasema. "Mwendo wote."

Kwa *Kiebitz*, hilo halikuwa jambo la kasi.