Laana Iliyotumwa kwa Mbuzi

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba neno la mama likishatoka kinywani halirudi, na kwamba ni lazima limpate mtu. Bulla yetu nzima, yaani mtaa wetu pale Garissa, iliamini hivyo. Laana ya mzazi tuliiita habaar, na mtoto aliyeshindikana aliitwa habaarqabe, mbeba laana. Akishaitwa hivyo, hakuna aliyeuliza tena swali lolote juu yake. Siwezi kuwacheka watu wale. Nilikuwa mmoja wao, na hata leo nikimkasirikia mwanangu najikuta nauma ulimi.

Habaarqabe wa nyumba yetu alikuwa mdogo wangu, Hamdi.

Niseme ukweli: Hamdi alikuwa mgumu hata kabla ya siku ninayotaka kuisimulia. Akiwa na miaka mitano alimng'ata binti wa jirani mpaka akamtoa damu, kisha akaketi na kuendelea kula tende zake. Huko duksi, tulikosomea Kurani, aliuvunja kwa goti ubao wa mwenzake aliyemcheka. Lakini ni huyohuyo aliyeweza kushinda mchana kutwa akimpepea ayeeyo, nyanya yetu, kwa kipande cha katoni, bila kutumwa na mtu. Hilo hatukulitia maanani.

Hooyo, mama yetu, alikuwa akiuza maziwa ya ngamia. Yalimfikia asubuhi kwa gari kutoka malishoni, katika madumu ya manjano, naye akamimina sehemu kwenye sufuria kubwa ya kuwapimia wateja waliokuja nyumbani. Asubuhi hiyo nilikuwa na miaka tisa, Hamdi saba. Nilipita uani, nikafunua sufuria, nikachota kikombe, nikanywa harakaharaka. Rafiki yangu akaniita kutoka nje ya ua. Nikakimbia, kifuniko nikakiacha mchangani.

Niliporudi, mbuzi wa jirani, yule mwenye sikio moja jeusi aliyezoea kuzurura bulla nzima akila mifuko na makaratasi, alikuwa ametia kichwa chote ndani ya sufuria. Ikapinduka. Mchanga ukayanywa maziwa yote mbele ya macho yangu.

Hooyo alitoka mbio, akavua ndala, akairusha. "Wewe! Kheri usiione! Tumbo lako lisishibe maisha!"

Mbuzi akaruka pembeni. Nyuma yake, mlangoni, alikuwa amesimama Hamdi.

Katika lugha yetu, kama ilivyo katika Kiswahili, mbuzi ni "wewe" na mtoto pia ni "wewe".

Ayeeyo alitoka akijikongoja. "Naa, Shukri! Unamlaani mtoto uliyemzaa?"

"Nilikuwa namwambia mbuzi, wallahi."

"Mbuzi! Mbuzi ana dhambi gani? Laana haikai kwa mnyama, inamtafuta mwenye kosa. Nani aliacha sufuria wazi?"

Ayeeyo akamtazama Hamdi. Hooyo naye akamtazama Hamdi. Wangemtazama nani mwingine?

Nikafikiri kwa akili yangu ya miaka tisa. Ikiwa laana inamtafuta mwenye kosa, basi bado ilikuwa pale uani, inanusa. Nikifungua mdomo itanijua. Nikanyamaza. Hamdi alinitazama kwa muda mrefu, naye akanyamaza, na kimya chake kikachukuliwa kuwa kukiri.

Kuanzia hapo kila alichofanya kilikuwa na jibu tayari. Akipiga mtu, ni habaar. Akiiba sukari, ni habaar. Akikaa siku tatu bila kumgusa mtu, laana imelala tu. Naye alijifunza haraka. Nilimsikia mara moja akimjibu hooyo, "Mimi si nina habaar? Sasa mnataka nifanye nini?" Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alilisema kama mtu anayeuliza kwa dhati.

Hawakukosekana watu wa kutushauri. Mwalimu wake, mwanamume mpole kutoka Kitui, alikuja nyumbani akashauri apelekwe hospitali azungumze na watu wanaoelewa watoto wa namna hiyo. Ayeeyo alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwalimu, hii toto iko na habaar. Dawa hakuna. Wewe biga tu." Mwalimu akanywa chai yake akaondoka. Sheikh naye alimsomea maji, kisha akamwambia hooyo, "Maji nimesoma, mama. Lakini huyu mtoto anahitaji pia mtu wa kukaa naye na kumsikiliza." Tulilisikia la maji. Hamdi alikunywa chupa nzima, na jioni ileile akamrushia binamu yetu kikombe.

Hooyo kila baada ya swala aliinua mikono akaifuta laana kwa dua. Nilimwona akilia. Neno moja kutoka kwangu lingempumzisha, na kila siku iliyopita ilifanya neno hilo kuwa zito zaidi.

Alipofika miaka kumi na mitatu, Hamdi alimpiga msichana wa darasa lake kwa jiwe, akamng'oa jino. Shule ikamkataa. Baba akaamua apelekwe Takaba, kwa shangazi yetu, akachunge mbuzi na kusaidia dukani. Alisema ni kwa muda mfupi, na sote tulijua si hivyo.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza hadi kwenye basi la Wajir, njia ya kwenda Takaba. Baba alikuwa juu ya basi akifunga sanduku. Nikaona kwamba nisiposema hapo sitasema tena.

"Hamdi, siku ile ya maziwa. Kifuniko nilikiacha mimi."

Akacheka. "Najua. Nilikuona ukinywa."

"Ulijua? Miaka yote? Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Na ungelia. Naa, wewe unalia vibaya, kama punda."

Akapanda. Nami nikalia vilevile alivyosema.

Wengine wangemaliza hapa. Lakini mimi ni mwalimu sasa, papa hapa Garissa, na kila muhula analetwa mbele yangu mtoto ambaye wakubwa wake wamekwisha kumpatia jina: sugu, shetani, habaarqabe. Siku hizi yako pia majina marefu ya hospitali, na hayo angalau huja na mtu wa kuketi na mtoto, iwapo mzazi atakubali kwenda. Wengi hawakubali. Nabishana nao, narudi nyumbani na koo kavu, kisha nakumbuka kwamba hata mimi sikukubali kufungua mdomo wangu.

Mwaka jana nilimwambia hooyo. Amezeeka, haendi tena sokoni. Nilitegemea anikasirikie. Akashika tasbihi yake bila kuihesabu.

"Yule mbuzi mwenye sikio jeusi," akasema. "Unakumbuka alivyoishia?"

Sikukumbuka.

"Alikufa wiki ileile. Walipompasua wakakuta tumbo limejaa mifuko ya plastiki. Alikula na kula, hakushiba." Akanitazama. "Kwa hiyo ilimpata niliyemtumia."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Hata kwa imani yetu wenyewe, laana ilikuwa imemaliza kazi yake kabla ya wiki kwisha, na bila shaka mzoga wa mbuzi uliburutwa mbele ya milango yetu sote. Hakuna aliyetaka kuuona. Tulikuwa tumeshapata mtu wa kuibeba laana. Hamdi alikuwa na shida gani hasa, iliyoanza kabla ya maziwa na kabla ya mbuzi? Sijui. Nilikuwa dada yake, nililala naye mkeka mmoja, na sijui, kwa sababu tulipopata neno hatukutazama tena.

Hooyo aliniomba simu. Alitaka kumpigia Hamdi, hukohuko Takaba. Nilimtafutia namba, nikampa, nikatoka uani ili nisisikie atakavyoanza.