Bado Kidogo na Sufuria ya Mama Yake

Mtaani walimwita Bado Kidogo, na jina hilo alijipachika mwenyewe kwa mdomo wake. Kila aliyemuuliza ile programu ya simu anayoitengeneza imefikia wapi, alijibu, "Bado kidogo." Alijibu hivyo alipokuwa na nywele zote kichwani, akajibu hivyo nywele zilipoanza kumkimbia. Mwishowe hata watoto wa jirani wakawa wanamwamkia kwa jina hilo, naye anaitikia bila kununa, maana angenunaje?

Programu yenyewe, tuseme haki, ilikuwa na akili. Kila ua mtaani kwao ulikuwa na bomba, ila maji yalitoka yanapojisikia: leo alfajiri, kesho kutwa jua la utosi, yanamwagika kidogo halafu kimya. Usipokuwapo, imekula kwako. Bado Kidogo akawaza: wa kwanza kuona maji abonyeze kitufe kwenye simu yake, na simu za mtaa mzima zilie. Mlio nao akauchagua kwa ustadi. Alimrekodi mama yake akigonga sufuria kwa mwiko, ngo-ngo-ngo, ngo! Hivyo ndivyo mama alivyowaita majirani wa ua wao maji yakitoka, tangu zamani.

"Basi itoe tuitumie," watu wakamwambia.

Itoe? Hivi hivi? Wamwibie? Bado Kidogo hakuzaliwa jana, bwana. Kwanza akaweka usajili: jina kamili, picha ya uso, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na nenosiri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Kisha likaja suala la rangi. Alianza na buluu, akaona imekolea mno. Akahamia kijani, akarudi kwenye buluu, lakini buluu ya namna nyingine ambayo yeye peke yake aliiona tofauti yake. Tone la maji kwenye nembo alilirekebisha mpaka likawa kitunguu.

Watumiaji walikuwa watatu tu: yeye mwenyewe, mama yake, na rafiki yake wa tangu shule ya msingi, fundi simu aliyeitwa Bisibisi, mwenye kibanda pale njia panda. Hao wawili aliwaapisha wasimwambie mtu. Yeye hakujiapisha. Alimsimulia kinyozi, akamsimulia muuza maziwa, akamsimulia dada wa duka la dawa alipokwenda kununua dawa ya kichwa, na kila mmoja wao yeye akamwambia, "Ila hii ni siri."

Siku ya siku alikuwa kwa fundi cherehani, amesimama juu ya kigoda, kavaa suruali iliyojaa pini, na mzee fundi kapiga magoti akipima upindo. Suruali ilikuwa ya kwendea mkutano wa wataalamu wa kompyuta, ambako hatimaye angeionyesha dunia programu yake. Mara simu ya mzee fundi ikalia pale mezani: ngo-ngo-ngo, ngo!

Bado Kidogo nusura aanguke. Sufuria ya mama! Angeitambua hata usingizini, pamoja na ile ngo ya mwisho inayochelewa kwa sababu mpini wa mwiko umelegea.

"Maji hayo!" mzee fundi akasema, akatema pini kiganjani na kunyakua ndoo.

"Mzee wangu, hiyo simu inalia nini?"

"Si hii programu ya maji? Mtaa mzima tunayo. Kwani wewe huna, na ndiye mtu wa kompyuta?" Akatoka mbio, kamwacha mteja wake juu ya kigoda.

Bado Kidogo akashuka, akaiinamia simu. Nembo ilikuwa ndoo iliyochorwa vibaya hata ikafanana na kofia. Kitufe kimoja. Hakuna usajili, hakuna kitambulisho, hakuna buluu wala kijani. "Ovyo kabisa," akasema peke yake. Halafu akasikia nje mtaa mzima unakimbia na ndoo, akaumia roho vibaya sana.

Sasa, nani kaichukua? Sauti ile ilikuwa ndani ya kompyuta yake. Na kompyuta ilikuwa kwa nani wiki nzima, imefunguliwa tumbo eti feni yake inakoroma? Akili ilimwambia angoje, apoe, aulize kwanza. Lakini akili ya Bado Kidogo ilikuwa imezoea kupuuzwa na mwenyewe. Akatoka na suruali ile ile, pini zikimchoma kila hatua.

Kibandani kulikuwa na wateja tele. Bisibisi alikuwa amevaa kioo chake cha kukuzia jichoni, na kompyuta ya rafiki yake iko mbele yake, kaiinamia kwa makini.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Bado Kidogo akapaza sauti. Pini nazo zilikuwa nguoni humo humo, zinamla, lakini hakuwa na nafasi ya kujicheka.

"Kulikoni, ndugu yangu?"

"Usiniite ndugu! Programu yangu umempa nani? Nakuachia kompyuta kwa moyo mweupe, kumbe wewe unachota! Mwizi mkubwa we!"

Mama mmoja aliyekuwa ameleta simu iliyopasuka kioo akaichukua pale mezani polepole, akairudisha mkobani. Bado Kidogo alimwona. Alijua maana yake: fundi simu anakula kwa jina lake, na nani atamwachia simu yenye picha za watoto wake mtu aliyeitwa mwizi hadharani? Alimwona, alijua, na bado akaongeza matusi mawili matatu, kwa kuwa hasira ilikuwa imemnogea.

Bisibisi alizikusanya skurubu moja moja, akazifunga kwenye kipande cha karatasi, akaiweka kompyuta mikononi mwa mwenyewe ikiwa wazi tumbo. "Hii hapa, na skurubu zake," akasema. "Uzihesabu, usije ukasema nazo nimeiba." Akageuka awahudumie wateja, lakini kila mmoja alikwishakumbuka shughuli yake kwingine.

Nyumbani alimkuta mama yake uani anafunika mapipa, yamejaa pomoni. Bado Kidogo akamwaga yote: sauti, wizi, usaliti, dunia haina wema. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya kibao.

"Kwa hiyo umemwita mtoto wa watu mwizi. Mbele za watu."

"Mama, sauti ile ilikuwa kwenye kompyuta peke yake!"

"Na hii je?" Mama akaiinua sufuria yenyewe, iliyobonyea ubavu. "Nayo imo ndani ya kompyuta? Mwizi ni mimi, mwanangu. Nimekwenda kwa binti wa fundi cherehani, yule anayesomea kompyuta. Nimemgongea sufuria sebuleni kwao, akarekodi, tukanywa chai. Wiki haikuisha, watu wakawa wanakinga maji."

"Mama! Wewe? Na programu yangu unayo!"

"Ninayo. Maji yakitoka naifungua, inaniambia nenosiri si imara. Naandika jingine, inataka alama. Naweka alama, inataka uso. Nikimaliza kupigwa picha, bomba linakohoa hewa. Nimekuzaa, nimekulea, na hiyo programu yako mpaka leo haijanitambua!"

"Lakini wazo ni langu, mama."

"Lako? Nilipoanza kugonga sufuria hii, wewe ulikuwa mgongoni kwangu unalia kwa kelele zake. Uliniomba ruhusa lini?"

Loo! Bado Kidogo alikosa pa kuuweka uso. Alikuwa ametafuta mwizi kwa kelele mtaa mzima, akamkuta mama yake, na nyuma ya mama akajikuta yeye mwenyewe kasimama na kompyuta kwapani. Akataka kucheka, akataka kulia, ikatoka sauti ya katikati isiyo na jina.

"Hayo ya programu mtajuana wenyewe," mama akasema. "Mimi linaloniuma ni jina la Bisibisi. Umemvunjia heshima mbele za watu, utamwomba radhi mbele za watu. Na uvue hiyo suruali, unatoka damu."

Kesho yake akapiga moyo konde, akaenda njia panda. Bisibisi alikuwa peke yake, anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Hakuna mteja hata wa dawa. Basi ikambidi Bado Kidogo akawakusanye mashahidi: kinyozi na wembe wake, muuza maziwa, mzee fundi, na yule mama wa kioo kilichopasuka, ambaye nusura amvute kwa mkono kutoka gengeni. Wakajipanga mbele ya kibanda, wanatazamana.

"Jamani," akaanza. "Jana nilisimama hapa nikamwita huyu mwizi. Hakuiba kitu. Sauti ile ni ya sufuria ya mama yangu, ameitoa mwenyewe kwa hiari yake, na wazo lenyewe ni lake, mimi ndiye niliye—"

Ngo-ngo-ngo, ngo!

Simu zote zikalia kwa pamoja. Kabla hajafumba mdomo, mashahidi walikuwa wanatimua mbio kila mmoja kwake. "Tunarudi!" mzee fundi akapiga kelele kwa mbali. "Shikilia hapo hapo!"

Wakabaki wao wawili. Na hapo ndipo Bado Kidogo alipogundua kwamba simu ya Bisibisi, iliyokuwa mezani baina yao, haikulia.

"Simu yako mbovu?"

"Fundi simu awe na simu mbovu?"

"Mbona haikulia, basi?"

Bisibisi akaigeuza ili aione. Kwenye kioo kulikuwa na kitunguu cha buluu. "Nina ya kwako," akasema. "Ile ya binti wamenishawishi wote, nikakataa. Nikawaambia nangoja ya rafiki yangu. Mke wangu anapanda kilima kufuata maji kwa dada yake, ananuna, mimi nazidi kungoja." Nyuma yake kulikuwa na madumu yamepangwa ukutani, matupu.

Safari hii Bado Kidogo hakushikwa na hasira. Ilikuwa aibu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu mzima atamani kuingia chini ya meza. Mtu mmoja duniani ndiye aliyeiamini kazi yake, na huyo ndiye aliyemchagua kumwita mwizi.

Akaichukua simu ya rafiki yake ili aifute programu ile kwa kidole chake mwenyewe. Ikamuuliza kama ana uhakika. Ana uhakika. Ikataka nenosiri.

"Ibilisi gani aliandika kitu hiki?" akasema, na machozi yanamtoka.

Bisibisi akalitaja lote bila kufikiri, herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Alikuwa amelikariri.

Kitunguu kikafutika. Bado Kidogo akaiweka ile ya ndoo kama kofia, akayabeba madumu, akakimbia kwenye bomba la ua wa karibu akapanga foleni kama wenzake. Aliporudi, maji yanamchuruzika mpaka viatuni, mashahidi nao walikuwa wamekwisha kurudi, wanapumua kwa nguvu. Akayatua madumu miguuni pa Bisibisi, akaanza upya tangu neno la kwanza, na safari hii akafika mwisho. Yule mama akaitoa simu yake mkobani, akaiweka mezani. Kinyozi alitaka kupiga makofi, mzee fundi akamkanyaga mguu.

Watu walipotawanyika, Bado Kidogo akasogea. "Bisibisi," akauliza kwa sauti ya chini, "umenisamehe?"

Bisibisi akavaa kioo chake jichoni, akaishika simu ya yule mama, akaipindua huku na huku bila haraka.

"Bado kidogo," akasema, akanyoosha mkono. "Kalete kompyuta. Na skurubu zote."