Lavonne na bastola aliyoiuza mara mbili

Saa mbili na nusu asubuhi. Theluji ya Machi imegeuka tope mbele ya duka la silaha la Corliss, na Lavonne Petrick anapangusa viatu vyake mlangoni kwa muda mrefu kuliko tope lenyewe linavyohitaji. Kisha anaingia, anawasha taa za kabati la vioo, anafungua sefu na kuanza kutoa bastola moja moja. Kila moja anaifungua silinda, anachungulia matundu yake kwenye mwanga, halafu anailaza juu ya kitambaa cha kijani.

Ndogo anaziweka kushoto, kubwa kulia. Ya mwisho kabisa kulia ni nzito kama tofali, na silinda yake inameza risasi tano tu kwa sababu kila risasi ni nene kama kidole gumba cha mwanamume. Hapa Montana, Marekani, watu huiita mia tano, kwa kaliba yake, yaani kipimo cha unene wa risasi.

Mteja wa kwanza anaingia kabla kahawa haijachemka. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, amevaa buti mpya. Anamtazama Lavonne, kisha anaangaza macho nyuma yake kana kwamba anatafuta mtu mwingine.

“Yuko wapi mtu wa bastola?”

“Unaye mbele yako.”

“Oh. Samahani, mama. Nataka kitu kikubwa. Cha kujifurahisha tu, nikienda porini nipige makopo. Na dubu akitokea, nisihangaike.”

“Umewahi kupiga kubwa?”

“Nimeona video.”

“Video haiumi,” anasema Lavonne.

Anampa arobaini na nne aishike, kaliba ambayo yeye huwapa watu wengi wa aina hii. Kijana anaigeuzageuza, anairudisha, anaonyesha kulia. “Ile ndiyo kubwa kuliko zote? Basi ile.”

Lavonne hakatai. Anampa mia tano ikiwa tupu na kumwomba ainyooshe mbele kwa mkono mmoja hadi amalize kumimina kahawa. Anamimina taratibu. Kahawa haijafika nusu ya kikombe, mkono wa kijana umeshashuka hadi kiunoni. Anacheka, anaiweka chini, anasema ataenda kufikiri.

“Hafikiri chochote huyo,” Lavonne anamwambia mwandishi mlango ukishafungwa. “Anakwenda mjini Missoula kuinunua kwa mtu asiyeuliza maswali.”

Ana miaka sitini na miwili. Analipwa dola kumi na saba kwa saa, na juu yake kamisheni ndogo kwa kila bastola anayouza. Kadiri bastola ilivyo ghali ndivyo kamisheni inavyoongezeka, na mia tano ni kati ya zilizo ghali zaidi dukani. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji ngumu kwenye kifundo, kwani baridi yabisi imemwanza, na kuna asubuhi hawezi kufungua mfuniko wa chupa ya maziwa.

“Mtu akija kuchagua kaliba anadhani anachagua nguvu,” anasema. “Mimi namuuliza, utaumia kiasi gani na bado ulenge? Arobaini na nne unaweza kuipa risasi laini siku ya makopo, na risasi kali siku ya kwenda porini. Unaweza kuzeeka nayo. Mia tano haina siku ya upole. Wengi wanaipiga mara moja au mbili, wanaifungia kabatini, halafu wanatafuta wa kumuuzia.”

Anasema hayo kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara nyingi. Lakini anapofika kwa kaka yake, sauti hiyo inaondoka.

Delmar Skaar ana miaka sitini na saba. Alifanya kazi katika kiwanda cha mbao tangu ujana hadi kilipofungwa, na kwenye kiwanda hicho msumeno ulimchukua vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia. Watu walidhani bastola imemshinda. Alichonga mpini mpya wa mti wa jozi, uliokaa sawasawa na vidole vitatu, akaendelea.

Ni yeye aliyemfundisha Lavonne. Alimsimamisha kwenye shimo la zamani la kokoto nje ya mji, akamshika mabega kutoka nyuma, akamwambia asifumbe macho. Lavonne alikuwa na miaka kumi.

Shimo hilo ndilo kiwanja cha mji hata leo. Kila Jumapili, theluji ikishayeyuka hadi msimu wa kuwinda, watu hukusanyika pale kupiga kondoo wa chuma waliopangwa kwenye ukingo wa mbali. Kumgusa kondoo hakuhesabiwi, ni lazima aanguke. Kwa miaka mingi kondoo wa mwisho, yule mkubwa aliye mbali zaidi, alikuwa wa Delmar. Wengine walijaribu, yeye akaangusha, kisha wakamnunulia bia.

Kiangazi kilichopita kondoo waliacha kuanguka.

“Risasi zilikuwa zinapiga miguu ya kondoo, zinapiga mawe,” anakumbuka Lavonne. “Nilisimama kando nikaona. Kabla hajafyatua, jicho linafumba na mtutu unainama. Mwili ulishajua kishindo kinakuja, unakikimbia. Si aibu. Mkono ukichoka unafanya hivyo, kila mtu unamfanyia hivyo. Lakini mwambie Delmar.”

Hakuna aliyemwambia. Walimtania badala yake. Jirani yake, Kirby Ostrum, alisema mbele ya watu wote: “Delmar, hao kondoo wamekuzoea. Wanadhani risasi zako ni manyunyu.”

Delmar alicheka na wenzake. Ijumaa iliyofuata akaingia dukani. Kirby na wazee wengine wawili wa kiwandani walikuwa wamekaa kwenye viti karibu na jiko, kama kawaida yao, wakinywa kahawa ya bure.

“Vonnie, nipe mia tano.”

“Kaka, pita kwanza huku nyuma tuongee.”

“Nimekuja kununua. Sijaja kuongea.”

“Kaliba siyo tatizo lako.”

“Haya. Tatizo langu ni lipi?”

Kwenye jiko watu waligeuza viti. Lavonne anasema aliinama juu ya kioo ili asikike na Delmar peke yake.

“Shuka, kaka. Chukua mia tatu hamsini na saba, ni nyembamba kuliko arobaini na nne yako. Au hiyo hiyo yako, tuijaze risasi laini. Mkono wako umechoka. Hata wangu umechoka, si unaona?”

Delmar aligeuka kuwatazama wenzake.

“Nishuke,” aliwaambia. “Mnamsikia huyu? Ameshindwa kumshika mume, sasa anataka kunifundisha kushika bastola.”

Wakacheka. Kirby alicheka mpaka akakohoa. Mume wa Lavonne alikuwa ameondoka miaka mingi nyuma na mwanamke wa mji wa jirani, na hapakuwa na mtu katika chumba kile asiyejua.

Lavonne alichukua ufunguo, akafungua kabati, akaiweka mia tano juu ya kitambaa.

“Dola elfu moja na mia tatu,” alimwambia. “Risasi utalipa kando.”

Anaposimulia hapa anavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati, ingawa haina doa.

“Watu wema wanakuja kuniambia, Lavonne, hukujua. Nilijua. Alipokuwa anaweka sahihi nilikuwa naangalia vile vidole vitatu. Mpini wa bastola ile ni mpira, umetengenezewa mkono mzima. Nilijua, na nikamtolea chenji.”

Jumapili hiyo shimo la kokoto lilijaa. Habari ilikuwa imetembea. Delmar alisimama mstarini akiwa na miwani yake ya kila siku badala ya ile ngumu ya kukinga macho, akashika kwa mikono miwili, akapiga. Mlio ulikwenda ukarudi mlimani, na kondoo wa mwisho akanyanyuka kutoka kwenye ukingo na kuanguka upande wa pili. Watu wakapiga makofi. Kirby alivua kofia.

“Akageuka akanitafuta kwa macho,” anasema Lavonne. “Kati ya watu wote wale, alinitafuta mimi.”

Kisha akapiga ya pili. Safari hii mpini ulizunguka ndani ya vidole vitatu, mkono wa kushoto ukateleza, na bastola ikarudi juu na nyuma kwa nguvu zake zote. Chuma cha kulengea, kile cha kwenye ncha ya mtutu, kilipasua kioo cha miwani ya Delmar. Lavonne alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimfunga uso kwa taulo, akamwingiza kwenye gari lake, akaendesha kuelekea hospitali huku Ruthanne, mke wa Delmar, amemshikilia kichwa kwenye kiti cha nyuma.

Njiani Delmar aliongea mara moja.

“Kondoo alianguka. Uliona?”

“Niliona,” Lavonne alijibu.

Jicho la kulia halikuokolewa. Na yale ya garini ndiyo maneno ya mwisho ambayo Delmar amemwambia dada yake hadi leo. Lavonne alipokwenda kumjulia hali, Ruthanne alimpokea mlangoni na kumwambia amelala. Alipokwenda tena, alikuwa amelala tena, na televisheni ilikuwa ikisikika mpaka barazani.

Oktoba, Ruthanne alikuja dukani na kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa cha jikoni. “Delmar anasema mchukue hii,” alisema. Wade Corliss, mwenye duka, aliinunua kwa nusu ya bei, akamkabidhi Lavonne aisafishe. Alitumia mswaki kutoa kilichokauka kwenye chuma cha kulengea.

“Iweke mahali pake, kulia,” Corliss alimwambia. “Ni chuma tu, Lavonne.”

“Nikaiweka.”

Wiki moja kabla ya Krismasi alikuja mwanamume wa mji wa Spokane aliyetaka kujinunulia zawadi. Lavonne alimweleza yote: ilikuwa ya nani, mkono ule ulikuwaje, jicho lilikwendaje. Mwanamume yule alisikiliza kwa heshima, kofia mkononi. Alipomaliza, akauliza kama kwa sababu hiyo bei ingepungua kidogo.

Bastola ile ile ilimletea Lavonne kamisheni mara mbili. Ya kwanza alimpelekea Ruthanne ndani ya bahasha, naye aliipokea mlangoni. “Ya pili nililipia umeme,” anasema. “Baridi ilikuwa kali.”

Mjini hawajamaliza kulijadili. Wako wanaosema alimuuzia kaka yake kwa tamaa. Wako wanaosema Delmar ni mtu mzima na alijitakia. Wote, anasema Lavonne, bado wananunua risasi kwake, na wote wanapunguza sauti anapotokea kwenye chumba cha nyuma. Kirby Ostrum haketi tena karibu na jiko. Anaingia, analipa, anatoka.

Corliss, ambaye si mtu mbaya, humfariji kwa njia moja tu. “Usingemuuzia wewe, angenunua kwingine,” humwambia.

“Kweli,” anasema Lavonne. “Angenunua kwingine, angeumia vilevile, na ni mimi ambaye angenipigia simu.”

Mwandishi anamuuliza kama leo angefanya tofauti. Lavonne anasogeza bastola ndogo ambayo tayari ilikuwa imekaa sawa kwenye safu.

“Nikilifikiria jicho lake, ningejifungia chooni nisimuuzie. Nikiufikiria mdomo wake… Yale maneno nayasikia bado. Hajaniomba radhi. Mimi sijamwomba. Sisi akina Skaar ndivyo tulivyo, tunazikana tukiwa tumenuniana.”

Alitarajia kustaafu mwaka huu, lakini akiba yake haitoshi, na kifundo cha mkono hakimruhusu kazi nyingine ya kusimama kutwa na kubeba. Kwa hiyo ataendelea kusimama nyuma ya kioo, akiwauliza vijana wa buti mpya kama wamewahi kupiga kubwa.

Lakini mwezi uliopita alifanya jambo ambalo hajamwambia mtu isipokuwa Ruthanne na Corliss, aliyempunguzia bei. Alijinunulia bastola ya ishirini na mbili, kaliba ndogo kuliko zote dukani, ile wanayofundishia watoto. Anaitoa kwenye mkoba kuionyesha. Mlio wake, anasema, ni kama wa mtu anayevunja kijiti.

“Mkono wake wa kushoto una vidole vyote. Jicho la kushoto lipo. Hii anaiweza. Ila itabidi aanze upya kama mtoto, na hataki kuanza kama mtoto mbele yangu.”

Mpango wake ni huu. Tope likikauka, Jumapili watu wengine watakapokuwa kwenye shimo la kokoto, yeye ataendesha gari hadi kwa Delmar. Hatabisha hodi. Ruthanne amesharidhia. Atapanga makopo juu ya uzio wa nyuma, upande wa mlima, na ataanza kuyapiga moja moja, bila haraka.

“Na asipotoka?”

“Nitapiga makopo yangu, nitayaokota, nitarudi nyumbani,” anasema Lavonne, huku akiifunga silinda. “Jumapili nyingine nitakwenda tena. Risasi za hii ni bei ndogo sana. Naweza kuendelea mpaka theluji ianguke.”