Niliondoa "duplicates" 41 kwenye list ya maji, kumbe nilikuwa nafuta majirani zangu

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Mbumbuni, Makueni. Kwa miaka nimekuwa nasoma tu humu bila kuandika, leo acha na mimi nitoe yangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, na pale nilipokuwa mjinga nitasema wazi nilikuwa mjinga.

Ni ndefu kidogo. Kama una ugali kwa moto, geuza kwanza.

Mimi ni fundi wa nguo, nina kaduka sokoni, mama wa watoto watatu. Nimezaliwa Kitui, upande wa Mutomo, nikaolewa huku. Form Four nilimaliza na grade ambayo sitaitaja hapa kwa sababu watoto wangu pia wana simu.

Kando na cherehani, mimi ndiye karani wa mradi wetu wa maji. Ni kazi ya kujitolea. Wanachama wote walikuwa kwenye kitabu kimoja cheusi cha hardcover, nusu ya kurasa zina alama za chai na zingine zimeonjwa na panya.

Sasa mradi ukapanuliwa. Tukaambiwa kila boma lililo kwenye list litawekewa mfereji wake wa maji pale nyumbani. Injinia akasema hataki kitabu, anataka list iliyochapwa, na kila mtu aweke sahihi mbele ya jina lake. Asiyekuwa kwenye list, bomba litampita, na awamu nyingine hakuna anayejua ni lini.

Kwa wale mmezoea maji ya kufungua ndani ya nyumba, hamwezi jua hiyo maneno ina uzito gani. Huku mtu anaamka na punda, anafuata maji mtoni, anarudi jua likiwa juu.

Mwenyekiti akasema kitabu kipelekwe cyber Wote kikachapwe. Nikasimama nikasema hapana, nitachapa mimi. Mkutano wote ukacheka, hata bwanangu alicheka, na alikuwa amekaa karibu na mimi.

Wasichojua ni kwamba mwezi huo nilikuwa nimejiunga na college ya online. Certificate. Unit ya kwanza ni computer, na ndani yake kuna spreadsheet. Laptop nilinunua second-hand, herufi E imefutika kwa keyboard lakini inafanya.

Baba mkwe wangu aliposikia, aliniuliza kwa upole, "Mama Kimeu, hiyo shule haina hata darasa, mwalimu atajuaje kama umesikia?"

Nilikuwa nasoma mchana, ile saa ya jua kali wateja wakiwa hawapo. Mwalimu wetu, Madam, nilimjua kwa sauti tu na kapicha kadogo kwa kona ya screen. Akisema "click on the cell", mimi nafikiria cell ya polisi.

Aibu ya kwanza. Nilichapa namba za simu za wanachama wote, 212, siku mbili nzima. Kuangalia, sifuri zote za mwanzo hazipo. Kila namba inaanza na saba. Nikaamini keyboard imekufa pale kwa sifuri.

Nikabeba laptop hadi Wote kwa fundi. Akabonyeza sifuri mara tano, zikatokea tano. Akaniangalia, nikamwangalia. Akanieleza polepole kwamba Excel ikiona namba inaitoa sifuri ya mbele kwa sababu haina maana kwa hesabu, so lazima kwanza uiambie hiyo column ni Text. Hakunilipisha. Nafikiri alinihurumia.

Lakini wakuu, ile wiki kitu kilifunguka kichwani. Nikajua kusort. Nikajua filter. Siku nilipoandika formula yangu ya kwanza ya COUNTIF na ikaniambia tuna maboma mangapi kila kijiji, nilisimama nikatembea duka lote nikiwa na tape measure shingoni. Mimi wa grade ile.

Basi assignment ya mwisho ikaja. Madam akasema tulete list ya kweli kutoka mahali tunapoishi, angalau watu mia mbili, iwe safi. Nikaona Mungu ni mwema, kazi moja inajibu mbili. Nikatuma list ya maji.

Ikarudi na 44 percent. Pass ni 50. Comment ya Madam ilisema nina majina 41 yaliyorudiwa, niyaondoe, na nina nafasi moja tu ya kurudisha. Nikikosa, narudia unit nzima.

Nikalia kidogo, nikapangusa macho, nikafuata notes. Data, kisha Remove Duplicates, nikaweka tick kwa column ya Jina peke yake. Ikaniandikia ati 41 zimeondolewa, zimebaki 171. Jinsi nilivyoona ni rahisi nikacheka peke yangu. Nikasave juu ya ile ya zamani, nikafunga.

Sasa hapa msinitupie mawe, niwaeleze kwa nini sikushtuka.

Kwetu Wakamba, mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa jina la babu yake mzaa baba. Baba mkwe wangu anaitwa Kimeu, baba yake alikuwa Nzioka. Kwa hivyo yeye ni Kimeu Nzioka. Kifungua mimba wake alimwita Nzioka, jina la baba yake. Huyo Nzioka, kaka mkubwa wa bwanangu, naye akapata kijana, akamwita Kimeu. Huyo kijana sasa ni mtu mzima, ana bibi na watoto na boma lake. Jina lake kwa ID? Kimeu Nzioka.

Babu na mjukuu, jina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na Mzee hana simu, aliandikisha ya mjukuu wake. Kwa kompyuta hao ni mtu mmoja ameandikwa mara mbili.

Utaniuliza, wewe karani hukujua baba mkwe wako? Nilijua. Lakini mimi nimelelewa kwamba mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe hivi hivi. Hata kijana wangu aliyepewa hilo jina simwiti nalo. Nilipokuwa nasoma list kwa sauti kuihakikisha, nikifika pale kwa jina lake nilikuwa naruka kwa mazoea, macho na mdomo pamoja. Hapa naliandika kwa sababu hamnijui.

Siku ya soko nikaprint, nikabandika kwa mlango wa duka, nikafunga kalamu na uzi pembeni. Injinia alikuwa anakuja Alhamisi. Watu wakaanza kuja, wanatafuta jina, wanasaini, wananipongeza. Mwenyekiti mwenyewe akasema kumbe hii kitu inasomeka. Nilijisikia mkubwa sana.

Karibu saa sita Mzee, baba mkwe wangu, akafika na miwani yake. Akatafuta kwa kidole, akafika kwa jina, akakiacha kidole hapo. Kisha akaniita.

"Ni nani amenisainia?"

Nikaenda kuangalia. Mbele ya jina lake kuna sahihi tayari, ya kalamu yetu. Mjukuu wake alikuwa amepita asubuhi, akaona jina lake, akasaini, akaenda zake shambani akiwa na amani.

Wakuu, hapo ndipo nilielewa nilichofanya. Line ni moja. Watu ni wawili. Mfereji utakuwa mmoja. Na hakuna mtu angegundua, kwa sababu kila mmoja wao angeona jina lake na kurudi nyumbani akiwa ameridhika.

Kabla sijamjibu, mama mmoja nyuma yake akasema hata yeye amekuta sahihi ya mtu. Halafu mzee mwingine. Wakaanza kushuku kuna mwizi wa mifereji. Mwenyekiti akanivuta kando akaniambia pole pole, "Karani, turudi kwa kitabu?"

Nikamwambia anipe hadi Jumatano. Sijui nguvu nilitoa wapi.

Nikarudi kwa Mzee nikamwambia ukweli. "Baba, mimi ndiye nimekufuta. Sikukusudia. Mashine ilidhani wewe na mjukuu wako ni mtu mmoja na mimi nikaikubalia."

Akasema, "Basi irudi ikasome tena." Akaenda. Hakunigombeza, na hiyo ilinichoma zaidi.

Nikakaa na ile laptop nikaona shida iko hivi. Nikirudisha watu 212, Madam ataona majina yamerudiwa tena na nimefeli unit. Nikipeleka 171, nimepita, na maboma 41 yanabaki na punda wao. Sitawadanganya, kuna dakika kama kumi hivi nilifikiria kutengeneza list mbili, moja ya Madam na moja ya injinia. Lakini hiyo ya Madam ingekuwa uongo na jina langu juu yake.

Nikampigia mama yangu Kitui. Nikamweleza yote, na spreadsheet hajui ni nini. Akanisikiliza, akasema, "Kwani sokoni mtu akitaja Kimeu Nzioka mnauliza nini? Si mnauliza ni wa nyumba ya nani?"

Nyumba ya nani, yaani mama aliyemzaa. Kwetu ndivyo watu hutofautishwa toka zamani, tena kila siku mimi mwenyewe nauliza hivyo mteja akituma mtu kuchukua nguo.

List ya zamani nilikuwa nimeifuta kwa laptop, lakini ile ya kwanza niliyofeli nayo ilikuwa bado kwa portal ya college. Nikaidownload, wote 212 wakarudi. Nikaongeza column mbili: namba ya ID, na "Nyumba ya".

Nikatoa meza nje ya duka, nikatuma ujumbe kila kijiji. Jumatatu, Jumanne, nusu ya Jumatano, cherehani haikuguswa. Mtu anakuja na ID, ananipa jina la mama yake, nachapa. Watu wazima wakitaja mama zao walikuwa wanatabasamu, wengine wanakaa kidogo kunieleza alikuwa mtu wa aina gani. Mzee akaja na fimbo yake, akasema, "Andika Kavutha." Akangoja hadi aone limeandikwa.

Jumatano mchana nikaandika COUNTIFS, jina pamoja na ID. Nikaivuta hiyo formula hadi chini.

Waliorudiwa kweli kweli walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwenyekiti, aliyejiandikisha kwa ukurasa wa tatu na tena kwa ukurasa wa kumi na moja. Wa pili ni mimi. Nilijiandika siku ya kufungua kitabu, nikasahau, nikajiandika tena. Nikafuta line yangu kwanza ndio nipate mdomo wa kumwambia yake. Alicheka hadi akakohoa.

Maboma 210.

Nikamtumia Madam list yote, na chini nikaandika paragraph moja kwa English yangu ya Mutomo. Nikamwambia haya majina yanafanana kwa sababu tunawapa watoto majina ya babu zao, ID ndizo hizi, nimeondoa wawili tu, na mmoja wao ni mimi. Nikasema kama ni kurudia unit nitarudia, lakini majirani zangu sifuti tena. Nikabonyeza submit, nikafunga laptop kabla moyo haujabadilika.

Alhamisi injinia akaja, akasoma list mbele ya watu kwa uwanja wa soko. Anasoma jina na nyumba. Alipofika pale akasema, "Kimeu Nzioka wa Mwikali," mjukuu akainua mkono. Kisha akasema, "Kimeu Nzioka wa Kavutha."

Mzee akasimama. Wengine wote walikuwa wanainua tu mkono, yeye alisimama kabisa, akavua kofia. Injinia akaendelea na majina mengine na Mzee bado amesimama. Mwishowe bwanangu akaenda akamkalisha, na Mzee akamwambia kwa Kikamba kwamba tangu mama yake azikwe hajasikia mtu wa serikali wala wa kanisa akilitaja jina la mama huyo mbele ya watu.

Bwanangu ndiye alinieleza hayo baadaye. Mimi niliona tu Mzee anapangusa miwani, na mimi nikaanza kulia mbele ya wanachama 210 na karatasi mkononi.

Ijumaa marks zikarudi. 92. Madam aliandika kwamba amefundisha hiyo topic miaka mingi na hakuwahi kufikiria hilo, na akaniomba ruhusa atumie list yangu, majina yakiwa yamefichwa, kufundisha darasa linalokuja. Nilisoma hiyo comment mara nyingi hadi nikaijua kwa kichwa. Nikaprint, iko kwa ukuta wa duka karibu na kioo.

Somo nililopata ni hili. Mashine inafanya unachoiambia, haraka sana, na haijui mtu yeyote. Wewe ndiye unawajua watu. Kabla ubonyeze Remove, uliza kwanza hao ni akina nani. Na kama umri umesonga na unaogopa kuanza kusoma, njoo uone mtu aliyepeleka laptop hospitali kwa sababu ya sifuri.

Wa Kitui, Machakos na kwingineko, semeni: kwenu watu wa jina moja mnawatofautisha vipi? Na kama kuna mtaalamu wa Excel humu anajua njia fupi kuliko yangu, anifunze bila kunicheka sana. Niko hapa nasoma kila comment.

Mitaro ya kulaza mabomba ilifika kwetu wiki iliyopita. Mmoja unaingia kwa mjukuu, na mwingine unaingia kwa Mzee.