Kibao cha Shuisheng

Kijijini kwetu sote ni akina Luo, na ami yangu Tingfu, seremala, ndiye aliyechonga vibao vya majina ya marehemu katika ukumbi wa mababu. Kila mwaka mpya alitukusanya pale, akatuhadithia wakubwa wa jina letu: Luo jemadari aliyekufa akilinda lango la mji, Luo tabibu aliyekataa kumtibu mfalme dhalimu, Luo mshairi aliyefukuzwa mjini kwa ulimi wake. Alisimulia kama anayesimulia ndugu waliotoka jana.

Hakuna aliyesikiliza kama mwanawe wa pekee, Shuisheng, kijana mpole aliyefuga bata mtoni. Wajapani walipoukaribia mkoa wetu, akafunga kifurushi.

"Wewe hata bata huwezi kumchinja," ami akamwambia. "Unamwita mama yako akuchinjie. Vita utaviweza wapi?"

"Baba, jemadari alikuwa na miaka mingapi?"

"Jemadari alikuwa na jeshi!"

"Na mimi naenda kulitafuta."

Akaondoka huku mama yake, Chunlan, akimkimbilia na viazi vya moto vilivyofungwa kwenye kitambaa.

Majira ya baridi alirudi Maogen, jirani yetu aliyeondoka pamoja na Shuisheng, akichechemea. Ami akamkaribisha chai. Maogen akalia kabla ya kunywa.

"Hatukufika vitani, mzee. Alishikwa na kuhara damu njiani. Tulimlaza kwenye zizi la ng'ombe la watu fulani, tukaamriwa tusonge mbele. Bunduki yenyewe alikuwa hajapewa."

"Alisema nini?"

"Aliomba maji."

Wazee wa ukoo waliposikia wakaja na shauri lao. Kibao cha kijana kitawekwa chini ya kile cha jemadari, na kiandikwe kwamba alianguka akilinda lango la mji.

"Lango gani?" ami akauliza.

"Tingfu, usitutie aibu. Jina ni la wote."

"Mtoto ni wangu."

Akachonga kwa mkono wake: *Luo Shuisheng, mfuga bata, alikufa njiani akiwa na kiu.* Wazee wakakikataa kibao hicho. Akakirudisha nyumbani, na tangu siku hiyo hakutuhadithia tena. Tulipomfuata mwaka mpya alisema tu, "Nendeni mkacheze, wanangu. Chezeni." Mwaka wa tatu akafa, kifua kikiwa kimembana. Chunlan akamlaza kaburini na kile kibao kifuani.

Wazee walikuwa wamekwisha kumwita seremala wa kijiji kingine. Kibao chao kipya kiling'aa kwa rangi, na wageni waliokuja ukumbini walikiinamia, wakiwaonyesha watoto wao jina la shujaa.

Wanawake hawakuingia mle, lakini siku moja wazee walimfungulia Chunlan mlango, kwa heshima ya mwanawe. Nilimshika mkono. Alisimama mbele ya kibao, nami nikamsomea, maana hakujua kusoma.

"Huyu simjui," akasema. "Twende nyumbani."