Mtu Aliyekohoa Katika Simfonia

Annonciata Mukashema alisikiliza muziki kama mama anunuaye maharagwe sokoni: hakujali yaliyo mdomoni mwa gunia, alizamisha mkono hadi chini. Diski ikianza kuzunguka, yeye hufumba macho, akaiacha ile sauti tamu ya juu ipite, akashuka kutafuta kilicholala. Je, ngoma kubwa ina ngozi, au ni mvumo mtupu? Ukumbi una kuta, au wapigaji wamening'inizwa hewani? Zile violini ni watu arobaini wanaovuta pumzi pamoja, au ni waya mmoja uliokazwa na fundi?

Hayo hakuyajua chuoni. Chuoni alisoma Kifaransa, akakaa kiti cha nyuma, akamaliza bila mhadhiri hata mmoja kulikumbuka jina lake. Aliyajua huko Walikale, msituni, alipokwenda kufundisha shule ya sekondari na kukuta padri wa parokia, Padri Jérémie, ana sanduku la diski za okestra na chombo cha kuzichezea kilichotegemea paneli ya jua. Mvua ya msituni ikinyesha juu ya mabati, hapakuwa na la kusikia, wakaingoja. Ikikatika, padri alitupia kitambaa juu ya majalada ili msichana asione nani amepiga, wapi, lini. Kisha alicheza wimbo uleule kutoka diski mbili.

"Masikio kwanza, majina baadaye," alisema. "Nikikuambia hawa ni wa mji gani, utausikia mji. Muziki hutausikia."

Kwa mtu aliyeshindwa hata kuomba chumvi mezani mbele ya wageni, ilikuwa ajabu kujigundua ana maneno. Alisema hii ya kwanza ni safi lakini imekufa. Hii ya pili inachakacha, ila mwongozaji wao anajua anakokwenda. Padri alicheka, akabisha, wakairudia. Padri alipohamishwa, sanduku likawa la Annonciata, pamoja na kaske, visikizio vya masikioni. Alirudi nalo nyumbani Masisi kwa pikipiki, limefungwa blanketi, limelazwa mapajani kama mtoto mwenye homa, na katika kila shimo la barabara aliinua magoti ili lisigongwe.

Kirolirwe, kijijini kwao, kulikuwa na redio ndogo ya jamii, chumba kimoja na antena juu ya kilima cha malisho. Mkuu wake, Patient, alisoma naye shule ya msingi. Alimpa saa moja kila Jumapili alasiri, pengine kwa kumhurumia. Kipindi kiliitwa Masikio Kwanza. Wachungaji walikicheka, wakasema ni muziki wa kusinzisha ng'ombe, halafu wakakiri kwamba ng'ombe kweli hutulia. Na huko Karuba, kijiji cha jirani, alikuwako mzee mmoja, Papa Barthélemy Hakorimana, katekista wa zamani ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi baada ya kiharusi. Kila juma alituma hukumu yake kwa wabebaji wa maziwa: "Mwambieni yule mutoto, ya pili iko muzuri kuliko ya kwanza." Au: "Leo zote mbili hazina chumvi." Annonciata hakuwa amewahi kumwona. Lakini akiketi mbele ya mikro alizungumza na Papa Barthélemy peke yake, na hivyo sauti yake ikaweza kutoka.

Jumapili moja, juma zima lilikuwa limepita na milio ya risasi upande wa Ngungu. Watu wote wa vilima waliingoja habari ya alasiri kutoka redio ya Kirolirwe, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowaambia walale au wafunge mizigo. Patient alikuwa amekwenda mwenyewe kuulizia kwa waliokuwa wakitoka huko, na barabara ikamkawiza. Saa ya habari ikafika, yeye hayupo. Annonciata alikaa peke yake katika kile chumba, redio ikiwa kimya, vilima vyote vikingoja.

Angeweza kusema: ndugu wasikilizaji, tuvumiliane, habari inakuja. Maneno machache tu. Lakini kuwaambia watu wenye hofu kwamba huna habari ni kazi ngumu kwa mtu mwenye haya. Akajiambia kwamba, tena, sheria ya kipindi chake ni ileile, masikio kwanza. Mkononi alikuwa na kitu alichokitayarisha kwa muda mrefu: sehemu ya polepole ya simfonia moja, kutoka diski mbili. Diski ya kwanza ilikuwa mpya, rekodi aliyoihesabu kuwa bora kuliko zote sandukuni. Ilianza chini kabisa, chelo, zile violini kubwa za sauti nzito, zikinong'ona, na ngoma kubwa ikaja kama kitu kinachojigeuza ardhini. Ya pili ilikuwa ya zamani, imejaa mchakacho wa kanda, na katikati yake, kabla tu violini hazijaingia, mtu mmoja ukumbini alikohoa. Annonciata alimchukia mtu yule. Alitaka wasikilizaji walinganishe bila kuambiwa neno. Akavaa kaske masikioni, akabonyeza, akafumba macho. Ilikuwa nzuri mno. Ya kwanza ilipokwisha, aliiunganisha ya pili papo hapo, bila kufungua mdomo.

Alipofungua macho, Patient alikuwa mlangoni, matope hadi magotini.

"Annonciata," alisema polepole, "ulifanya nini? Bantu ya Karuba wako njiani wote. Na magodoro, na mbuzi, na watoto. Nimepishana nao. Wanasema studio imekamatwa."

Usiku ule habari zilikuja vipande vipande, na kipande cha mwisho kilimwondolea usingizi. Katika mteremko wa kwenda Mushaki, chukudu moja, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo, lilikuwa limepinduka. Juu yake walikuwa wamemfunga Papa Barthélemy. Paja lilivunjika.

Patient alitaka kipindi kifungwe, na Annonciata hakupinga. Hilo halikuwa lililomnyima kula. Redio ile ilikuwa na kitu kimoja tu chenye thamani, kwamba ikisema kimbieni, watu wanakimbia, na ikisema kaeni, wanakaa. Kesho bunduki zikilia kweli, Karuba itasema ni yule wa violini tena. Na watakaobaki kwa kusema hivyo watakufa kwa sababu yake.

Kulipotulia kidogo alikwenda Karuba. Aliwakuta uani kwa Papa Barthélemy, majirani wamejaa, mgonjwa amelazwa kwenye mkeka mlangoni, paja limefungwa vipande vya mianzi, redio yake ndogo kifuani. Mkewe, Mama Françoise Uwamwezi, alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinuka.

"Njo weye?" aliuliza.

"Njo miye, Mama. Nimekuja kuomba musamaha."

"Nilifikiri uko mukubwa. Kumbe uko kadogo hivi, na ulikimbiza milima mizima."

Watu walicheka, kicheko kisicho na joto. Annonciata alitazama miguu yake. Mama Françoise akaendelea, mikono haijaacha maharagwe.

"Siye tulikuwa tunangoja habari. Habari haikukuya. Redio ikanyamaza, tukasema imekufa. Kisha ikaanza kunguruma, kama vile silaha kubwa zinangurumaka mbali. Kisha violini zinalia, na hakuna muntu anasema kitu. Weye haukuzaliwa, lakini siye tunajua. Zamani redio ya taifa ikiacha maneno, ikiweka violini peke yake, mukubwa amekufa ao inchi imepinduliwa. Tukasema, iko vile. Kisha Manzi akasikia muntu anakohoa."

Manzi, mwenye lile chukudu, kijana wa mabega mapana, alikuna kichwa. "Municheke tu. Nilisikia muntu anakohoa ndani ya redio. Muntu ya studio hakohoake ku mikro. Nikasema, hawa washaingia. Iko askari ya pori huyo, baridi imemushika."

"Miye niliwaambia," Papa Barthélemy alisema kutoka mkekani. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko Annonciata alivyoiwazia. "Niliwaambia, hii ni emisyo, ni kipindi ya mutoto yangu, tusikilize ya pili. Wakanitupa ku chukudu kama fuko ya makala ya kupikia. Niko naenda, niko napiga kelele: mwacheni amalize."

Hapo Annonciata alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipopata pumzi aliomba kitu ambacho kiliwashangaza. Alimpigia Patient simu, akamwomba atangaze kwa maneno wazi kwamba ni majaribio, mtu asikimbie, halafu acheze diski zile mbili. Kisha akaichukua ile redio kifuani mwa mzee, spika yake ndogo kama kifuniko cha kopo, betri zake zimechoka, akaiweka sikioni.

Sauti ya Patient ilitangaza mara mbili. Kisha diski ya kwanza ikaanza, na hapakuwa na kitu. Zile chelo zilizokuwa zikimpandisha nywele studioni hazikuwapo kabisa. Aligusa kitufe, akadhani imezimika. Kimya kilirefuka hadi ngoma ilipoingia, na haikuwa ngoma. Spika ilishindwa kuibeba, ikatikisika, ikatoa mngurumo mchafu uliokatikakatika. Miaka yote ile Annonciata alikuwa amehukumu sauti kwa kaske ya padri, katika chumba kilichofungwa. Hakuwa amewahi hata mara moja kusikiliza kipindi chake pale kilipokuwa kinasikilizwa. Aliyoiita bora, huku haikuwa muziki. Ilikuwa vita.

Kisha ikaja ya pili, ile ya zamani aliyokuwa akiinyima alama. Haikuwa na sauti za chini za kupoteza, zote zilikuwa zimebanwa katikati, na zilitoka katika kile kispika nyeupe, kali, bila kukosea. Mchakacho wa kanda ulikuwa kama mvua ya mbali. Akaishusha redio mapajani, majirani wakasogea. Mtu yule akakohoa.

"Huyo," Manzi alisema. "Huyo huyo."

Watoto wakacheka. Hata mgonjwa alitabasamu. "Alikohoa vibaya," alisema. "Lakini violini zinamujibu muzuri."

Mama Françoise ndiye aliyeacha maharagwe. "Mutoto, kitu kimoja. Maneno ya Patient upepo unakulaka. Betri ikichoka siye tunasikia nusu, 'kimbieni' ao 'musikimbie', hatujue. Ile muziki tuliisikia wote, hata kule juu kwa ng'ombe, na tukaondoka wote saa ileile. Hakuna muntu aliuliza mara mbili. Basi itutumikie. Ikue alama. Siku ni mubaya kweli, uweke huyu muntu anakohoa, bila neno. Tutajua."

"Ile ni muziki, si kengele," Papa Barthélemy alisema.

"Na lile ni paja, si kuni," mkewe alimjibu.

Majirani waliitikia mmoja baada ya mwingine. Annonciata alikuwa amekuja akijua wataweza kumdai chochote, mbuzi, dawa, hata kipindi chake. Hakujua watamwomba wimbo. Aliuelewa uzito wake kabla hawajamaliza kusema. Ukishakuwa alama, hautachezwa tena Jumapili yoyote, na hakuna mtu wa vilima hivi atakayeusikia tena na kuuliza kama chelo zinapumua. Wataamka na kubeba watoto. Na yeye mwenyewe pia. Alimtazama mzee, kana kwamba ni yeye mwenye haki ya kukataa. Papa Barthélemy alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Sawa, Mama," alisema.

Kipindi kilirudi, kwa jina jingine. Sasa alitaja wapigaji na mji wao kabla ya sauti ya kwanza, na kila diski aliijaribu kwanza kwa redio mbovu aliyoazima, juu ya kilima, upepo ukivuma. Nyingi alizozipenda zilianguka. Diski ya mtu aliyekohoa ilikaa peke yake juu ya chombo, nje ya sanduku, na Patient alikatazwa kuweka kikombe karibu nayo. Wabebaji wa maziwa waliendelea kuleta salamu kutoka Karuba, lakini hukumu hazikuja tena. Mzee hakutaka kusikiliza, walisema. Alisema amesikiliza vya kutosha.

Mwanzoni mwa kiangazi, siku ya kazi, adhuhuri, milio ilianza tena upande wa Ngungu, na safari hii haikukoma. Simu ya Patient ililia, ikalia tena. Alisikiliza, akamtazama Annonciata, akaitikia kwa kichwa mara moja.

Aliiweka diski mwenyewe. Hakuvaa kaske. Aliwasha redio mbovu dirishani ili asikie walichokuwa wakisikia wao. Muziki ukapanda juu ya vilima, mkali, safi, bila neno. Aliwaona bila kuwaona: Mama Françoise anasimama, maharagwe yanamwagika, Manzi anavuta chukudu mlangoni, mzee mwenye paja lisiloungika sawasawa anainuliwa tena, na safari hii hapigi kelele kwamba waache imalizike.

Mtu akakohoa. Violini zikamjibu, na ziliingia pamoja, watu arobaini pumzi moja, vizuri kuliko alivyowahi kuzisikia. Annonciata alikaza meno. Aliomba masikio yake yanyamaze, lakini hayakunyamaza.