Mtunza Mbega na Jani Nililolikataa

Mwaka ule wa korona tulikula kiburu asubuhi, kiburu jioni, na tangawizi katikati. Ndizi na maharage, maharage na ndizi, hadi mwiko ukachoka. Wageni wa kupanda mlima hawakuja, vijana wetu wapagazi walirudi nyumbani mikono mitupu, nyama tukawa tunainusa kwa jirani tu. Vitunguu saumu tulivitafuna vibichi, kanisa zima likanuka jiko. Mnaukumbuka, hata msiovaa barakoa. Nimeurudia kwa sababu majuzi, nikiwa napukuchua maharage barazani, nililetewa habari kwamba mtunza mbega amefariki. Alikunywa chai ya mchana, akajinyoosha kidogo, hakuamka. Niliendelea kupukuchua. Bakuli lilipojaa ndipo nikaona nimetia maganda ndani na maharage nimeyamwaga chini.

Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, mtu wa bonde la pili kutoka kwetu, na kazi yake ilikuwa kwenye bustani ndogo ya wanyama huko chini, upande wa kuelekea Bomang'ombe. Palikuwa na mamba, kobe, tausi mwenye kelele, na mbega, wale kima weusi wenye joho jeupe mgongoni. Mbega ndio waliokuwa wake. Bustani ilipofungwa mwaka ule, wenzake walirudi makwao. Yeye alihamia hukohuko, akalala kwenye stoo, kwa kuwa wanyama hawaelewi maana ya kufungwa kwa sababu ya ugonjwa. Siku moja akapanda hadi kihambani kwangu, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, barakoa usoni, akasimama mbali kana kwamba mimi ndiye mamba. "Shikamoo, dada. Naomba majani ya miti ya kihambani kwako." Nilicheka hadi nikashika mgomba. "Mwanaume mzima unaomba majani? Chukua ndizi, wewe!" Akasema, "Ndizi hapana, dada. Majani." Nikamkatia majani, na moyoni nikamwona mtu wa maringo. Kwetu anayekataa ndizi amekukataa wewe.

Baadaye bustani ikafunguliwa kwa masharti. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka saba, akili kama wembe, alikuwa amekaa miezi akiuliza habari za mbega. Nikamvalisha gauni la Pasaka, nikabeba chane ya ndizi mbivu, nzuri, za kumnyamazisha hata askofu. Getini tukanawa kwenye ndoo, tukasimama kwenye chaki waliyochora chini. Na hapo moshi wa kuni niliouvuta tangu alfajiri ukanipanda kifuani, nikakohoa. Mara moja tu! Na mtunza mbega ndiye aliyekuwa getini.

"Dada, leo hutaingia."

"Ni moshi wa kuni, wewe. Unanijua."

"Nakujua. Mbega hawakujui. Kikohozi cha mtu wakikipata hawana pa kukipeleka."

"Basi mwingize mtoto."

"Mmelala nyumba moja, dada. Na ndizi hizo siwezi kuzipokea. Rudi nazo."

Mbele ya watu! Mjukuu akalia hadi mkanda wa barakoa ukakatika. Nikamwambia maneno ambayo mhariri hatayaacha yapite hapa. Kilichonichoma ni kwamba asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka sokoni, ambako tulibanana kama mahindi kwenye gunzi na hakuna aliyemwambia mwenzake sogea. Kwenye basi tulikaliana mapajani. Katika Moshi nzima, geti moja tu lilishika sharti, nalo ni geti la kima. Nikasema huyu anathamini nyani kuliko watu wa kwao.

Baada ya wiki akapanda tena. Safari hii alishika isale. Wasomaji wa mbali, hilo ni jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea isale anaomba msamaha. Hukatai. Hata aliyemwaga damu ya ndugu yako, akisimama na isale, unalipokea, hasira yako unaimalizia ndani. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kuwasha moto. Yule bwana alisimama kwenye ukingo wa kihamba, hakusogea, jani mkononi, akangoja. Nami nikamrudishia kauli yake mwenyewe: "Sipokei. Rudi nalo." Akainamisha kichwa, akashuka.

Miaka imepita. Kila Krismasi nilisema nitashuka. Tulionana kanisani, yeye akinitikisia kichwa, mimi nikitafuta wimbo kitabuni, wimbo ninaoujua kwa moyo. Mjukuu sasa yuko sekondari, tena anaongoza darasa, andikeni hilo. Mwaka jana akaniambia, "Bibi, mbega anakula majani. Tumbo lake ni kama pipa la mbege, ukitia ndizi mbivu linaumuka mpaka anakufa." Nimepika mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu nina miaka kumi na miwili, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Zile ndizi zangu nzuri. Hata hapo sikushuka. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao tisa, sikuwa natafuta wa kumi.

Tuna ugonjwa mwingine wasioutaja redioni. Anayekufungulia geti lililopaswa kufungwa unamwita mtu mwema. Anayekukatalia kwa sababu ndiyo kazi yake unamwita ana roho mbaya, halafu unalalamika nchi haina watu wanaofanya kazi. Walikuwapo. Mmoja nilimtukana mimi.

Msibani niliomba nioneshwe pa kunawia mikono. Mjane wake akanipeleka nyuma ya jiko, na pale ukutani lilikuwa limesimama isale, limenizidi urefu. "Ni lile," akasema. "Alirudi nalo akalichomeka hapa. Alisema dada akishuka atalikuta limeshika." Nilikaa chini kwenye udongo, na kitenge changu kipya. Yeye, mfiwa, ndiye akanishika bega. "Usijilaumu, mama. Ule ulikuwa mwaka mbaya, kila mtu alivurugwa."

Alikusudia mema. Tangu siku hiyo nimelisikia neno hilo tena na tena, kwa watoto wangu, kwa katekista, hata kwa muuza mkaa: ulikuwa mwaka mbaya. Lakini mwaka haukusimama kihambani kwangu na kumwacha mtu na jani mkononi. Ni mimi. Mwaka ulituletea ugonjwa, kiburi nilikuwa nacho tangu zamani. Kwa hiyo wewe unayeniandalia neno hilo la kunifariji, nalijua, ni tamu, na jibu langu ni lilelile nililompa mtu asiyestahili kulisikia. Sipokei. Rudi nalo.